Nanga ya Wahaya: Nyuzi Nazo ni Matini

Tunaposema nanga hapa hatuna maana ya ile ya meli. Kwa Wahaya wa Bukoba na Muleba, enanga ni ala ya muziki: ubao uliochimbwa kama hori, na uzi mmoja mrefu hupitishwa juu yake nenda-rudi hadi zipatikane nyuzi kadhaa. Neno hilohilo hutaja pia utendi unaoimbwa kwa ala hiyo. Yaani Mhaya hatenganishi ala na utungo.

Jambo hili lina uzito katika uhakiki. Mwaka 1970 Ruth Finnegan alitia shaka kama utendi ni utanzu wa kawaida Afrika. Masimulizi mengi yaliyoitwa tendi aliyaona kuwa nathari tu. Isidore Okpewho alimpinga mwaka 1979. Naye M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliingia uwanjani mwaka 1983 na ushahidi wa manju wa nanga, kisha mwaka 1986 akakamilisha tasnifu juu ya tendi hizo.

Sasa, chukua utendi kama ule wa Rukiza ukausome kwenye karatasi. Hakuna vina wala mizani ya kuhesabu kama tulivyozoea katika tenzi za pwani. Msomaji wa haraka atasema: hii ni hadithi tu, jamani! Lakini fanani wa nanga huimba, hughani na kupiga nyuzi yeye mwenyewe. Mkono wake ndio unaoonyesha pumzi inaishia wapi na tukio jipya linaanzia wapi. Kwa hiyo ushairi ambao macho hauoni, sikio linausikia.

Mfano mzuri ni Habibu Selemani, aliyezaliwa takriban mwaka 1929 na kufariki mwaka 1993. Jina lake ni la Kiislamu; utanzu wake ni wa wakama na mashujaa wa kale. Alikua enzi za Waingereza, akaona Uhuru wa 1961 na kuondolewa kwa utawala wa machifu. Ikulu za wakama zilizowalea manju zikawa hazipo tena, hivyo sanaa ya kikale ilibidi isikilizwe na raia wa jamhuri. Mulokozi, katika makala ya mwaka 1997, alimwita manju wa mwisho.

Wapo watakaouliza: mbona Saida Karoli alitamba kwa Kihaya mwaka 2001 na "Maria Salome", hata Diamond Platnumz akaurudia wimbo huo kivyake mwaka 2016? Ni kweli, lugha na ladha vingali hai. Lakini wimbo wa dakika chache haubebi kazi ya utendi, ambayo ni kumfuata shujaa tangu mwanzo hadi mwisho.

Basi, anayehakiki maneno ya nanga bila nyuzi zake amehakiki nusu ya kazi. Kabla ya kuhukumu, tusikilize kwanza.