Jua la Bute na Maziwa ya Ngamia

Bute, kaskazini mwa Kaunti ya Wajir karibu na mpaka wa Ethiopia, haipungukiwi na jua. Inachokosa ni maji, na pasipo maji jani haliwezi kutumia jua hilo kutengeneza chakula. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, Kenya ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2.

Hata mwaka wa neema, nishati hupungua kila inapopanda ngazi katika mnyororo wa chakula. Digidigi akila majani, sehemu kubwa ya nguvu yake huishia kwenye joto la mwili na kukimbia. Nyingine hutoka na kinyesi. Mmarekani Raymond Lindeman alilieleza jambo hili kutokana na utafiti wake katika ziwa dogo la Minnesota, akafariki 1942 akiwa na miaka 26, makala yake ikachapishwa miezi michache baadaye. Wanaikolojia hukadiria kwamba takriban asilimia 10 tu hufika ngazi inayofuata: majani ya kilokalori 10,000 hujenga mwili wa digidigi wenye 1,000, na fisi akimla hubaki na 100. Ndiyo maana fisi ni wachache na simba ni adimu.

Vitabu vya shule hupenda mfano wa nyasi, swala na simba. Mfano wa mfugaji wa Bute unafundisha zaidi.

Kwake, kumchinja ngamia ni kumaliza akiba yote mara moja. Kumkama ni kuchota nishati kidogo kila siku, mnyama akiendelea kula. Alfajiri ndama huachiwa anyonye ili maziwa yashuke. Kisha mkamaji husimama kwa mguu mmoja, chombo kilichofukizwa moshi kikiwa juu ya paja, akakama chuchu mbili na kumwachia ndama mbili. Ngamia aliyezaa huweza kukamwa mwaka mzima au zaidi.

Tena ng'ombe na kondoo hutegemea nyasi, ambazo hukauka upesi. Ngamia hula majani ya migunga, yenye mizizi inayofuata maji chini kabisa, na kwa kuwa hustahimili siku nyingi bila kunywa, hufika malisho yaliyo mbali na kisima.

Hata hivyo ukame mkali huwashinda hata wala majani ya juu. Desemba 2021, huko Sabuli, humohumo Wajir, twiga sita walikufa baada ya kunasa kwenye tope la bwawa lililokaribia kukauka.

Bado ustahimilivu wa ngamia umewavuta wengine: Samburu, ambako ng'ombe ndiye mali ya heshima tangu zamani, serikali ya kaunti ilianza mwaka 2015 kuzigawia familia ngamia.