Kilomita 1,200 kwa Saa 90

Kila baada ya miaka minne, mwezi Agosti, maelfu ya waendesha baiskeli huondoka karibu na Paris, Ufaransa, wakakanyaga pedali hadi mji wa pwani wa Brest, kisha wakageuza na kurudi. Ni takribani kilomita 1,200, na muda wa mwisho ni saa 90, usingizi ukiwemo.

Safari ya kwanza, mwaka 1891, ilikuwa mashindano kamili, na Charles Terront ndiye aliyeshinda. Leo hakuna zawadi ya mshindi. Washiriki ni watu wa kawaida, wengine wamekwisha kustaafu, na kila mmoja hubeba kadi inayogongwa muhuri vituoni.

Nafasi haipatikani kwa kulipa ada tu. Mwaka huohuo wa safari, mtu hutakiwa kumaliza kilomita 200, 300, 400 na 600. Hatua hii ya mwisho, yenye kikomo cha saa 40, ndiyo shule yenyewe: hapo hujulikana tandiko linaloumiza, taa isiyofika alfajiri na chakula kinachokataliwa na tumbo. Wazoefu hula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu.

Raha nayo ipo, tena tele. Usiku wa manane wanavijiji husimama kando ya barabara wakigawa kahawa na maji kwa wageni wasiowajua. Ukarimu huo unastahili sifa kuliko kasi yoyote.

Anayetamani safari ndefu aanze na kilomita 50 za Jumapili, abebe tyubu ya akiba na pampu, na ajue kuziba pancha mwenyewe.