Nani Atatia Saini?

Mahafali ya vyuo vikuu vingi nchini Tanzania huangukia miezi ya mwisho wa mwaka. Majoho yakisharudishwa, bahasha za kaki zinaanza kuzunguka maofisini. Mhitimu akipata nafasi ya utarajali, nyumbani huulizwa mambo mawili: ni ofisi gani, na posho ni kiasi gani? Ni nadra mtu kumuuliza atakuwa chini ya nani.

Kwa wahandisi, jibu la swali hilo lina uzito wa kisheria. Shahada ya miaka minne peke yake haimpi mtu hadhi ya mhandisi mtaalamu. Chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) humtaka mhitimu apate kwanza uzoefu wa kazi wa miaka isiyopungua mitatu akisimamiwa na mhandisi aliyesajiliwa. Mwaka 2003 bodi ilianzisha mpango wa mafunzo kwa vitendo, SEAP, kwa sababu wahitimu wengi walikuwa hawana pa kuupatia uzoefu huo. Kazi ya kila siku huandikwa kwenye logibuku, na msimamizi hutia saini.

Logibuku haifichi kitu. Mmoja ataandika: “Leo nimehudhuria umwagaji wa zege.” Mwenzake ataeleza alivyoshika koni ya chuma yenye kimo cha sentimita 30, akaijaza zege kwa matabaka matatu, kila tabaka akalishindilia mara 25 kwa ufito, akainyanyua koni na kupima zege limeshuka kiasi gani. Ataeleza pia michemraba iliyohifadhiwa ili ivunjwe kwenye mashine siku ya 7 na siku ya 28. Ukimtoa saiti siku ya 10 ukampeleka ofisini kupanga mafaili, hataliona jibu la siku ya 28 la zege alilolipima mwenyewe. Na hayo hutokea sana, hasa katika ofisi zenye majina makubwa, ambako mtarajali ni mikono ya ziada karibu na mashine ya fotokopi.

Uhasibu nao una miaka yake mitatu. Kufaulu mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, ni hatua moja. Kusajiliwa kuwa mhasibu mwenye CPA kunadai uzoefu uliosimamiwa. Hapa kampuni ndogo ya ukaguzi huweza kumfaa kijana kuliko jengo la vioo. Kwenye kampuni kubwa anaweza kukaa msimu mzima akilinganisha taarifa za benki. Kwenye ndogo atahesabu mali ghalani asubuhi, na jioni atamwuliza mteja mwenyewe kwa nini risiti hazilingani na vitabu.

Nchini Kenya, mwanafunzi wa uwakili hukaa miezi sita chini ya wakili mwenye uzoefu wa angalau miaka mitano. Miezi sita ni michache mno kuimalizia katika kupeleka nyaraka masjala.

Posho nayo si ya kubeza. Nauli na kodi ya chumba havilipwi kwa uzoefu. Madaktari wa Kenya waligoma kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8, 2024, na mgogoro mkubwa ulikuwa malipo ya watarajali: serikali ilitaka kulipa shilingi za Kenya 70,000 kwa mwezi, chama chao kikashikilia takriban 206,000 zilizokubaliwa mwaka 2017. Mtarajali anayezunguka wodi usiku kucha hastahili kuambiwa kwamba malipo yake ni kujifunza.

Anayeitwa kwenye usaili basi ana haki ya kuuliza pia: nani atanisimamia, amesajiliwa na bodi, na yeye mwenyewe anafika saiti? Akijibiwa kwamba “tutaona ukishaanza”, hilo tayari ni jibu. Njia ya uhakika zaidi ni kuwatafuta waliomaliza hapo mwaka uliopita na kuomba kuona logibuku zao.

Saini nazo zisiachwe zirundikane. Mradi wa barabara ukikabidhiwa, ofisi za muda hubomolewa, mkandarasi huhamia mkoa mwingine, na mhandisi msimamizi huenda anakokwenda. Mhitimu mwenye kurasa za miezi minane zisizosainiwa atabaki kumpigia simu kila wiki, ilhali msimamizi yuko saiti nyingine akiwa na watarajali wengine.