Je, Wajua? Nyumba Zinavyoponyoka Shinyanga na Geita

Je, wajua jambo la kwanza utakaloambiwa ukiuliza habari za mtu anayelala kwenye baraza la duka Kahama au Geita mjini? "Huyo alikula hela zake." Wapo kweli waliokula. Kijana aliyepata mgao mnono, akajifungia gesti wiki nzima na kutoka akiomba nauli, kila machimbo yanaye. Ila ukiishia hapo hujaipata hata nusu ya habari.

Je, wajua kwamba wachimbaji wengi wadogo hawana mshahara? Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, huwalisha, na mawe yakitoka hugawanwa kwa mifuko: ya mwenye leseni, ya mwenye duara, kisha ya wachimbaji, nao wagawane wenyewe. Mfuko wako ukisagwa usitoe kitu, jasho la miezi limeishia hapo. Huku mjini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ndiyo maana rashi, yaani kambi za wachimbaji, hujengwa kwa fito na maturubai.

Je, wajua kwamba wengine walikuwa na makazi yao, wakalazimika kuyaacha? Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha mgodi mkubwa. Mwaka 2007 ikawa zamu ya familia za Mtakuja, Geita. Baadhi zikaishi kwenye mahema kwa miaka. Na tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka, tope likaingia mashambani na majumbani kwa watu wa Kishapu. Hao walikula hela gani?

Je, wajua kwamba kanuni za fidia za mwaka 2001 hazihesabu mabati na miembe tu? Zinataja thamani ya ardhi yenyewe, posho ya usumbufu, ya usafiri, na posho ya makazi inayopigiwa hesabu ya kodi ya miezi 36. Mthamini akifika kwako, muulize moja moja.

Je, wajua kwamba moshi umewahi kumtoa mtu nyumbani kwake? Usukumani, kuni zikiadimika, mama hupikia mabua ya pamba na samadi kavu, kainama jikoni pasipo dirisha. Baada ya miaka arobaini macho yanakuwa mekundu. Kwa macho hayo vikongwe wa Shinyanga waliitwa wachawi, wakakatwa mapanga, na walionusurika wakakimbia makazi yao usiku.

Na aliyekwisha kukosa nyumba je? Wajua kwamba Kanuni ya Adhabu inamfanya mzururaji kuwa mkosaji? Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika.

Je, wajua kisa cha wajane wawili wa Shinyanga? Hiki ndicho kinachoniuma zaidi. Waume zao walifariki, wakwe wakawatoa nyumbani pamoja na watoto wao, wakishika kanuni za kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963: mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Wanawake hao hawakukaa kulia tu, walikwenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao kwa kasoro ya tarehe kwenye hati iliyotoka Mahakama Kuu, kasoro isiyokuwa yao. Wakapeleka shauri Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia haki za wanawake ikaamua kwamba Tanzania imewakosea, walipwe fidia na sheria irekebishwe.

Kama kuna wajibu wa mtu binafsi, na mimi naamini upo, nautafuta kwanza kwa mume mwenye nyumba angali hai. Mjane tunamuuliza alijiwekea nini. Mume aliyejenga vyumba vinne kwa mgao wa mawe ya machimbo ya Nyarugusu, nani anamuuliza jina la mkewe limeandikwa wapi?

Je, wajua kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi? Na kwamba wosia hauhitaji utajiri? Wa maandishi unaweza kutunzwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wa mdomo nao kanuni zilezile za kimila zinautambua, ukisemwa mbele ya mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo, wawili wa nje. Watu wanne unawapata leo jioni kwenye kijiwe cha kahawa.