Vitabu huria vya shule: Muuza machungwa naye ana kazi humo

Na Mwandishi Wetu, Tanga

JANUARI ikifika, mfanyabiashara mdogo wa Makorora anajua mtaji wake unakoelekea. Unakwenda kwenye daftari, sare na viatu, na meza yake sokoni inabaki nusu. Ada katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita. Hata hivyo, kitabu cha mtoto kusomea nyumbani bado kinamtoa mzazi jasho. Wengi wanaishia steshenari, kutoa kopi.

Hesabu yake si ndogo. Tuseme ukurasa ni shilingi 100. Kitabu cha kurasa 160 kinakwenda shilingi 16,000, na hilo ni somo moja tu. Tena, kukopi kitabu kizima cha mtu bila ruhusa kunagongana na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, jambo ambalo wenye mashine hawapendi kulizungumza kwa sauti.

Kitabu huria ni kitu kingine. Mwandishi anabaki na jina lake, ila tangu mwanzo ametoa ruhusa ya maandishi kwamba yeyote akisome, akikopi na, mara nyingi, akirekebishe. Leseni zinazojulikana zaidi kwa kazi hiyo, za Creative Commons, zilitolewa mara ya kwanza mwaka 2002.

Mwaka huohuo, Mark Horner, aliyekuwa mwanafunzi wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na wenzake, walianza kuandika vitabu vya sayansi vya sekondari bila malipo. Kazi hiyo baadaye ikaja kuitwa Siyavula, yaani "tunafungua". Walimu, wanafunzi wa vyuo na wanasayansi waligawana sura: huyu anaandika, yule anajibu mazoezi yote kuona kama majibu ya nyuma ya kitabu ni sahihi, mwingine anachora michoro. Pengine walikutana siku nzima kumaliza sura moja. Ilipofika mwaka 2012, serikali ya Afrika Kusini ilikuwa inachapa vitabu hivyo vya hisabati na sayansi na kuvigawa shuleni nchi nzima. Ilichokilipia ni karatasi, wino na usafiri. Gharama za haki ya kuchapa hazikuwapo.

Huku kwetu kuna ndugu wa kazi hiyo. African Storybook, iliyofunguliwa mwaka 2014, ilianza na walimu wa Kenya, Uganda, Lesotho na Afrika Kusini. Hadithi zake za watoto zimetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na mwalimu anaruhusiwa kuzichapa. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, nayo imeandikwa na watu wa kujitolea.

Sasa, muuza machungwa anaingiaje? Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeweka somo la biashara miongoni mwa masomo ya kidato cha kwanza. Kitabu huria cha somo hilo kikitoka nchi nyingine kitakuja na randi au dola, na mifano ya maduka makubwa. Ukibadilisha jina la fedha peke yake, hujakirekebisha bado.

Tuseme zoezi linasema: mtu amenunua machungwa 1,000 Muheza kwa shilingi 50 kila moja, akayauza Tanga kwa shilingi 100. Mwandishi aliyekaa ofisini ataandika faida ya shilingi 50,000. Muulize mama wa sokoni. Atakuuliza nauli ya mzigo iko wapi, weka 12,000. Ushuru? Weka 3,000. Na yaliyooza je? Akitoa 100, yanabaki 900, mauzo ni 90,000. Ukiondoa 50,000 ya kununulia na 15,000 ya gharama, faida ni 25,000, nusu ya ile ya kitabuni. Mama huyo hana haja ya kujua Kiingereza cha kitabu. Mwalimu anaandika, yeye anakagua hesabu, na mtoto anajifunza biashara ilivyo. Kwa maoni yangu huo ndio msaada ambao vitabu vingi vya shule vimeukosa, huria na vya kununua.

Makosa nayo yapo, na si kwa watu wa kujitolea tu. Mwaka 2017 Bunge lilijadili makosa katika vitabu vipya vya shule za msingi vilivyokwisha kuchapwa. Katika kitabu huria kosa linaweza kurekebishwa siku linapoonekana, lakini pia mtu asiyejua anaweza kuliingiza. Hivyo lazima awepo mwalimu wa somo anayepitia kila badiliko kabla halijakubaliwa, na kumbukumbu ya nani kabadilisha nini. Vilevile, kitabu cha kiada kinabaki kile cha Taasisi ya Elimu Tanzania. Cha ziada kinahitaji ithibati ya serikali kabla ya kutumika darasani. Vitabu vya taasisi hiyo vinasomeka bure katika maktaba mtandao yake, ila kusoma bure si ruhusa ya kuchapa na kuuza.

Mwenye steshenari, kabla hujawasha mashine, tazama ukurasa wa mwanzo wa kitabu. Ukiona leseni yenye herufi BY peke yake, unaweza kuchapa na kuuza ilimradi jina la mwandishi libaki. Ukiona NC, usikiuze kwa faida. Ukiona ND, usibadilishe chochote kisha ukakisambaza.

Si lazima uuze kitabu kizima. Mada ya kurasa 24, kwa bei ileile ya shilingi 100, ni shilingi 2,400, fedha ambayo mzazi anaweza kuitoa wiki moja na kurudi wiki nyingine. Ila andika kwenye jalada tarehe ya toleo ulilochapa, maana kopi iliyokwisha kufika nyumbani kwa mteja haijirekebishi, na mwalimu akiona kosa lazima ajue ni toleo lipi.