Kazi ya munganga mutafiti inapimwa namna gani? Mufano wa Profesa Muyembe

Munganga mutafiti akimaliza uchunguzi wake, anauandika katika jarida la kisayansi. Mbele ya kuchapishwa, wajuzi wengine wanausoma na kutafuta makosa. Kuanzia pale, kila mutafiti mwingine anayeutumia anapashwa kuutaja katika andiko lake. Kutajwa kule ndiko kunahesabiwa.

Kuna alama moja inayoitwa h. Mutafiti mwenye alama 20 ana maandiko 20 ambayo kila moja limetajwa angalau mara 20. Vyuo vikuu vinaiangalia wakati wa kupandisha walimu cheo, na wenye kutoa feza za utafiti pia.

Lakini hesabu ile haisemi yote. Historia ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, mukubwa wa INRB kule Kinshasa, inaonyesha wazi.

Mu 1976 alifika Yambuku, kaskazini mwa inchi, na kuchukua damu ya wagonjwa bila hata gants. Mutawa mumoja mugonjwa alipelekwa Kinshasa, na damu yake ikasafirishwa mpaka Antwerp, Ubelgiji. Virusi ya Ebola ikajulikana. Kwa miaka mingi, watu walipoongea juu ya uvumbuzi ule, walitaja zaidi watafiti wa labo za Ulaya kuliko Mukongomani aliyefika kwa wagonjwa.

Mu 1995 Ebola ilipiga Kikwit. Timu ya Muyembe iliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 kati yao wakapona. Andiko lilitoka mu 1999. Wajuzi wengi walikuwa na mashaka: watu 8 ni kidogo, na hakukuwa kundi lingine la kulinganisha. Hapa kuna jambo la kujua: andiko linalopingwa linatajwa pia, na hesabu yake inapanda sawa na ya lile linalosifiwa.

Hata hivyo, wazo halikufa. Katika damu ya mutu mumoja aliyepona Kikwit, watafiti wa Congo na wa Marekani walipata kingamwili, ni kusema askari wa mwili wanaopigana na virusi. Dawa iliyotoka pale iliitwa mAb114.

Kulinganisha kulikokosekana Kikwit kulifanyika huku kwetu. Kuanzia mwezi wa 11 mwaka 2018, dawa 4 zilijaribiwa Beni, Mangina, Katwa na Butembo. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura. Kati ya waliopewa ZMapp, karibu nusu walikufa ndani ya siku 28. Kwa mAb114, ni karibu 35 kwa 100. Dawa nyingine, REGN-EB3, ilikuwa na matokeo karibu sawa na yale ya mAb114. Andiko lilitoka katika The New England Journal of Medicine mwezi wa 12 mwaka 2019, na jina la kwanza ni la Sabue Mulangu, munganga Mukongomani. Kwa kawaida, jina la kwanza katika andiko la uganga ni la ule aliyebeba sehemu kubwa ya kazi. Mwaka uliofuata Marekani ilikubali mAb114 kwa jina la Ebanga, na mu 2022 Shirika la Afya Duniani, OMS, likashauri dawa zile mbili zitumiwe.

Nyuma ya kila nambari ya andiko lile kuna familia ya Kivu ya Kaskazini ao Ituri. Wengi walisema Ebola ni biashara, na mashaka yale hayatoki kwa kuambiwa tu kwamba profesa fulani ametajwa sana. Yanapungua wakati mutu anajibiwa: damu yangu inaenda wapi? Nani ataandika juu yake? Dawa ikipatikana, itafika kwetu? Kila mutu anayeombwa kuingia katika utafiti ana haki ya kuuliza hivyo, na ya kukataa bila kunyimwa matunzo.

Mu 2019 Muyembe alitangaza kwamba damu ya wagonjwa wa Ebola wa Congo itabaki Congo. Hakuna alama ya h inayohesabu uamuzi kama huo, lakini kwa mugonjwa wa Butembo ao Mangina, ni sehemu ya kazi ya utafiti pia.