Mndimu Katika Debe

Mwanachama mwenzetu aliyehamia Lupingu, kando ya Ziwa Nyasa, atuuliza: mbona mndimu wake wa debeni wapukutisha majani, naye autilia maji kila siku? Ndiyo sababu yenyewe, ndugu. Mizizi isiyopata hewa huoza; mkarafuu nao, sote twajua, haupendi maji yaliyotuama. Toboa matundu chini ya debe, uliinue juu ya mawe matatu. Chomeka kidole, ukikuta udongo umekauka, ndipo utie maji tele hadi yatoke chini. Majani ya zamani yakigeuka manjano, huenda ni njaa: tia samadi iliyooza. Lupingu kuna joto kama kwetu, lakini ukiupandisha Njombe, karibu mita 2,000, mwezi wa Juni na Julai uulaze ndani, sakitu isiuunguze.